Mtoto Huyu ni wa Nani?

Wasikilizaji wangu wa redio, jioni ya leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo tulionalo kila siku kwa macho yetu, na ambalo, kwa kuwa tunaliona kila siku, aghalabu hatulitazami. Nalo ni habari ya watoto wa makabila mbalimbali, na wengine wa nchi mbalimbali, wanaokaa dawati moja katika shule za umma za miji yetu: Homa Bay, Mbita, Kendu Bay, Awendo, Migori na Isebania.

Nianze na kisa kidogo. Mwanzoni mwa muhula nilimpeleka mjukuu wangu katika shule ya msingi iliyo mjini humu Homa Bay, nami kwa kuwa nilishika chaki miaka mingi, na mwalimu mstaafu hawezi kupita penye dirisha la darasa asisimame, nilisimama nikasikiliza daftari la mahudhurio likisomwa. Jina likiitwa, mtoto huitikia. Akaitwa Otieno, akaitika. Akaitwa Boke, akaitika. Na Moraa, na Abdi, na Akinyi, na Nekesa, kila mmoja akaitika kwa sauti yake. Kisha mwalimu akasita kidogo, akavuta pumzi, akasema: "Sija."

Darasa likaangua kicheko. Jina lenyewe lilikuwa Shija, ila sisi Wajaluo mnatujua, ulimi wetu haukuzaliwa na hiyo "sh", hata kwa wengi wetu shule huwa "sule". Na neno "sija", kama mjuavyo nyote, katika Kiswahili ni neno lililokatika njiani kabla ya kufika liendako. Basi vijana wa dawati la nyuma wakalifikisha wao. Sijala! Sijaoga! Sijafika! Mwenye jina akaitikia kwa sauti iliyokaribia kuwa ya mtu aliyekosa, akasema, "Nipo, mwalimu," na daftari likaendelea mbele.

Wakati wa mapumziko nilimkuta Shija karibu na mfereji. Aliponiona aliinamisha kichwa akaniambia, "Shikamoo, babu." Nikaitikia marahaba, na nakiri kwenu kuwa moyo ulinipasuka kwa furaha, maana salamu hiyo katika viwanja vya shule zetu ni adimu kama mvua ya Januari. Lakini baada ya marahaba nilifanya nini? Nilifanya kama tufanyavyo sote. Nilimwuliza kwa Kijaluo, "In nyathi ng'a?" yaani, wewe ni mtoto wa nani? Naye akanitazama asielewe neno, akarudi nyuma hatua moja, akidhani nimemkemea.

Sasa, wasikilizaji, hebu tulitazame swali hilo. Mtoto huyu ni wa nani? Si swali la ubaya. Wazee wetu waliliuliza ili wajue wamwelekeze wapi mtoto, wampe chakula gani, na kama kuna udugu wa kukumbushana. Baba yako nani, babu yako nani, mlango wenu upi? Ndivyo jamii ilivyojifunga pamoja. Walakini swali hilohilo, likihamishwa kutoka penye boma likapelekwa penye lango la shule, hugeuka kuwa kitu kingine kabisa, na ni mgeuko huo ninaotaka tuufikirie.

Mnakumbuka desturi ya jadak? Vijana wa mjini labda hamkuisikia. Zamani mtu aliyetoka kwao kwa sababu ya njaa, au ugomvi wa ndugu, au kutafuta malisho, alipokuja kuomba mahali kwa watu wa ukoo mwingine hakufukuzwa. Alipewa kipande cha ardhi alime, ajenge, aoe na azae, lakini aliitwa jadak, na watoto wake wakaitwa jodak, na wajukuu wake vilevile, ilhali wenyeji waliitwa weg lowo, yaani wenye ardhi. Jadak hakuwa mtumwa wala hakuwa adui. Alikula na wenzake, akazika na wenzake. Ila siku ya baraza la ardhi alikaa pembeni, na siku ya ugomvi alikumbushwa alikotoka.

Nawauliza basi: je, shule ya umma ina weg lowo? Je, yuko mtoto ndani yake aliye mwenye ardhi, na mwingine aliye jadak? Jawabu langu nalisema mapema ili msije mkangoja hadi mwisho: haina. Boma lina mwenyewe, shamba lina mwenyewe, hata dau lina mwenyewe. Darasa la umma halina. Na madhali halina, kila tunapolitumia kama boma letu, kwa lugha, kwa mzaha, au kwa karatasi, tunamnyang'anya mtoto kitu ambacho hatukumpa sisi.

Wako watakaoniambia, mzee, mambo haya ya mchanganyiko ni mapya, yameletwa na matatu na lami. Sivyo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuzunguka ghuba hii yetu ya Winam, Wahindi walishuka na mizigo yao wakafungua maduka Kendu Bay na Homa Bay, na Waislamu wakajenga msikiti wao Kendu Bay, hata leo wako Wajaluo wa huko waswalio tangu enzi za babu zao. Wamaragoli walihamia Suna tangu zama za ukoloni, wakalima, wakazaa, na wajukuu wao leo husema Kijaluo vizuri kuliko baadhi ya watoto wangu. Dhahabu ya Macalder iliwaita watu, na kiwanda cha sukari cha Awendo, kilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kiliwaita wengine. Na mpaka wenyewe wa Isebania na Sirari ni nini, ila ni mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 wakiwa mbali kabisa na hapa, ukapita katikati ya Wakuria, ndugu mmoja akaamka Kenya na mwingine Tanganyika?

Na shule yenyewe ilianzishwa na nani kwetu? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwezi wa Novemba 1906 Waadventista walifika katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay, wakapiga hema na baadaye wakaanza kufundisha. Walioanzisha kazi hiyo walikuwa nani? Mmoja aliitwa Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada. Wa pili aliitwa Peter Nyambo, naye alikuwa Mwafrika wa Nyasaland, nchi tuiitayo Malawi hivi leo. Haya basi! Waliotuletea shule upande huu wa ziwa walikuwa jodak wawili, mmoja kutoka ng'ambo ya bahari na mmoja kutoka ng'ambo ya Tanganyika, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angaliweza kujibu lile swali letu, in nyathi ng'a, kwa jibu ambalo wazee wa huko Karachuonyo wangalilitambua.

Walijifunza Kijaluo, wakakiandikia sarufi, wakaleta mtambo wa kupiga chapa, na vitabu vikaanza kutoka. Jambo jema. Lakini jambo jema nalo lina kivuli chake, na kivuli hicho kiliwaangukia Abasuba.

Mnajua, au mlijua mkasahau, kwamba watu wa Rusinga, Mfangano, Gwassi na Kaksingri, wengi wao nasaba yao ni ya upande wa Uganda, walivuka maji kwa mitumbwi vizazi vingi nyuma, nao walikuwa na lugha yao ya Kibantu, Olusuba. Kwa biashara na kwa ndoa walikuwa wameshaanza kuchanganyika nasi. Kisha shule ikaja, na vitabu vya shule vilikuwa vya Kijaluo, na Injili ilikuwa ya Kijaluo, na mwalimu, hata akiwa Msuba, alifundisha kwa Kijaluo, kwa kuwa ndicho kilichoandikwa. Hakuna aliyetoa amri kwamba Olusuba ife. Hakuna aliyempiga bibi mzee kwa kuimba alivyoimba. Mtoto alikwenda shule na lugha mbili akarudi na moja na nusu, na mtoto wa mtoto huyo akarudi na moja. Hivi leo Olusuba imo katika orodha za lugha zilizo katika hatari ya kutoweka duniani, na wanaoisema kwa ufasaha, zaidi kule Mfangano, wengi ni wazee. Tangu miaka ya 1990 wako waliofanya kazi ya kuiandika na kuifundisha tena, nami nawaombea. Lakini angalieni jinsi shule inavyoweza kummeza mtoto pasina kumtafuna.

Nasema hayo si kwa kuwalaumu wamishonari peke yao. Mimi nami nina deni. Miaka niliyofundisha, katika shule ambayo sitaitaja, tulikuwa na kibao, wengi mtakikumbuka kwa jina la diski, alichovishwa shingoni mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao, naye huzunguka nacho mpaka amsikie mwenzake ili amvishe yeye, na jioni wote waliokivaa hupanga mstari kungoja fimbo. Nilikitundika mimi kwa mkono huu. Siku moja nilimvisha msichana wa Kikuria aliyekuwa akimbembeleza mdogo wake aliyeanguka. Alikuwa akimwambia kwa lugha yao nyamaza. Nilidhani nafundisha Kiingereza. Nilichomfundisha ni kwamba huruma ina lugha inayoruhusiwa na isiyoruhusiwa.

Sasa nije kwenye mwaka ambao hatupendi kuutaja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, na mwanzoni mwa 2008 mabasi na malori yalitushushia ndugu zetu waliokimbia Naivasha, Nakuru na Nairobi. Waliambiwa: rudini kwenu. Watu wazima kweli walirudi kwao. Lakini watoto je? Mtoto aliyezaliwa Naivasha, aliyechezea Naivasha, ambaye Kijaluo alikisikia tu baba na mama walipogombana, alirudi wapi? Alikuja. Hakurudi.

Kwa jirani yangu waliletwa watatu. Majina yao yalikuwa ya kwetu barabara, Odhiambo, Okoth na Achieng', wala hapana mzee ambaye angeyasikia majina hayo asiseme hawa ni wetu. Lakini walipopelekwa shule walikuwa wageni kuliko Mhindi. Mwalimu wa darasa la pili alisema kwa Kijaluo, kila mtu afungue kitabu, Odhiambo akasimama. Mwalimu akasema kaeni, Odhiambo akatoka nje. Wenzake wakambandika jina, wakamwita kwa kabila lile lile ambalo baba yake alifukuzwa kwa kutokuwa lake. Fikirini, wasikilizaji. Kule alikuwa Mjaluo, hapa akawa Mkikuyu, na umri wake ulikuwa miaka minane. Kwa ajili ya insafu niseme vilevile kwamba siku hizohizo wako majirani waliokuwa wakifanya biashara Migori na Homa Bay, watu wa makabila mengine, waliofunga milango usiku wakaondoka, na watoto wao wakaacha nafasi zao wazi katika madawati yaleyale ambayo watoto wa kutoka Naivasha walikuja kuyakalia.

Kwa nini nawakumbusha? Kwa sababu tukisema mgeni, fikira zetu huenda kwa Msukuma na Msomali. Mgeni wa darasani anaweza kuwa na jina la babu yako.

Tuzungumze basi juu ya lugha, maana hapo ndipo pana mlango. Kamati ya elimu ya Gachathi, mwaka 1976, ilishauri kwamba watoto wa madarasa ya chini kabisa wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Na kwa desturi, mijini ambako makabila yamechanganyika, lugha hiyo ilikusudiwa kuwa Kiswahili. Mashambani, Kijaluo kwa Mjaluo, Igikuria kwa Mkuria. Sina ugomvi na hilo, tena nalipenda, kwa kuwa mtoto huelewa mapema kwa lugha ya mamaye. Lakini mji si shamba. Homa Bay ni mji, na makao ya serikali ya kaunti. Katika madarasa mengi niliyoyapitia, "lugha ya eneo" imefasiriwa kuwa lugha ya walio wengi, na wachache wanangoja Kiingereza kama watu wangojao feri iliyochelewa. Narudia: mashambani lugha ya mama, mijini Kiswahili. Wala si Kiswahili cha kumvisha mtoto kibao shingoni akisahau.

Najua baadhi yenu mnacheka. Mnasema, Kiswahili ni cha Mombasa, sisi kwetu Kiswahili ni cha polisi na cha kondakta. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye mtihani, watoto wetu wengi wamekuwa wakikiogopa kama hesabu. Hapo ndipo huyu Shija ana faida tusiyoiona. Kwao Tanzania, tangu mwaka 1967, shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili. Mtoto wa Tarime au wa Mwanza akihamia kwetu, mzazi wake akifuata samaki au dhahabu, huwa wa kwanza katika Kiswahili na wa mwisho katika mengine yote, kwa kuwa mengine yote tunamwuliza kwa Kiingereza. Tunamrudisha madarasa mawili nyuma. Anakuwa mkubwa kati ya wadogo, anaona haya, mwaka wa pili anakwenda ziwani na baba yake. Je, hakuna mwalimu wa kumweka mtoto huyo mbele ya darasa nusu saa, awasomee wenzake hadithi, wasikie jinsi Kiswahili kinavyotoka kwa mtu asiyekiogopa? Mwalimu mmoja aliniambia kuwa alisahihishwa ngeli na mtoto wa Kitanzania mbele ya darasa zima, akaniuliza amwadhibu? Nikamwambia amshukuru, akakasirika nami kuliko alivyomkasirikia mtoto.

Kuna na habari ya karatasi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema kila mtoto wa Mkenya, ilisema kila mtoto. Walakini tangu wanafunzi walipoanza kuandikishwa katika kompyuta ya wizara, mwaka 2017, cheti cha kuzaliwa kimekuwa ufunguo, na wavuvi wahamao na ziwa, leo Sori, kesho Muhuru, mara nyingi watoto wao hawana. Mwalimu mkuu mwenye huruma humwacha mtoto akae. Lakini mtoto aliyekaa kwa huruma anajua kwamba amekaa kwa huruma.

Na walimu? Mwaka 2018 tume inayowaajiri ilianza kuwahamisha wakuu wa shule mbali na kaunti zao, na miaka michache baadaye mpango ukaachwa, wengi wakarudi makwao. Familia ziliteseka, nami sikupenda namna lilivyofanywa. Ila nitawaambia siri: watoto wa shule moja ninayoijua bado wanauliza habari za mwalimu wao wa kutoka Meru, aliyejifunza kuwasalimu kwa Kijaluo kibovu kila asubuhi.

Kabla sijamaliza, tuvuke hadi Rusinga. Mwanasiasa Tom Mboya, tunayemwita wetu, ambaye kaburi lake liko kisiwani pale tangu 1969, hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, upande wa Thika, ambako baba yake aliajiriwa. Shule alianzia ugenini. Alisoma Kabaa, Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u, Ukikuyuni. Alikua akisema Kikamba, Kikuyu na Kiswahili. Bila shaka yuko mzee wa Ukambani aliyesimama dirishani siku moja, akamwona mtoto mweusi wa ziwani, akauliza kwa lugha yake: na huyu naye, ni wa nani?

Turudi kwa Shija. Nilikwenda kununua samaki, nikamkuta mama yake anakaanga, nikamwuliza maana ya jina la mwanawe. Akaniambia kwamba kwao Usukumani pacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayezaliwa mgongoni mwa pacha ndiye Shija. Nikasimama na samaki mkononi. Sisi pacha wetu ni Opiyo na Odongo, na anayewafuata tunamwita nani? Okelo. Nilimpelekea mwalimu habari hiyo. Hakusema neno, alifungua daftari, akapitisha kidole, akanionyesha: mistari minne juu ya Shija palikuwa pameandikwa Okelo.

Wiki iliyofuata nilipita tena dirishani. Daftari lilikuwa likisomwa na kiranja, msichana wa Mbita. Alipofika pale aliivuta ile "sh" ndefu mno, kama mtu anayenyamazisha kelele kanisani, hata darasa likacheka tena, na safari hii Shija alikuwa akicheka pamoja nao, naye Okelo amegeuka nyuma kumtazama.